Hostingi ya websaiti kwa sisi wa Mwanza: ipi uchukue, ipi uachane nayo

Hostingi ni nafasi unayokodi kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka muda wote, ili websaiti yako ionekane mtandaoni. Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka aende zake. Kama una gesti Nyegezi, unauza dagaa wa jumla pale Mwaloni Kirumba, una shule, kanisa au blogu yako tu, chukua hostingi ya kushea, kifurushi kidogo ambacho vikomo vyake vimeandikwa, kwa kampuni inayopokea hela ya simu na inayokupa cPanel, ile paneli ya kuendeshea websaiti yako. Hiyo ndo namba moja kwangu. Zingine nazipanga huko chini, ila kwanza tuelewane unanunua nini, maana watu wengi wanaangalia GB za nafasi basi.

Kushea ni hivi, seva moja inabeba websaiti hata mamia za watu msiojuana, CPU moja (ubongo wa kompyuta), RAM moja (kumbukumbu ya kufanyia kazi), na mara nyingi IP moja (anwani ya mtandaoni). Ni kama nyumba ya kupanga yenye LUKU moja, wa chumba cha mwisho akichomeka pasi na jiko kwa pamoja, nyumba nzima mnajua. Siku hizi kampuni makini zinaweka CloudLinux ambayo inampa kila mteja kipimo chake, kwa hiyo jirani akizidiwa anaanguka peke yake, na wewe ukizidiwa hivyo hivyo, mteja anafungua anakuta kosa la 508 (kikomo kimefikiwa) halafu anapiga simu kuuliza mbona websaiti yenu imekufa.

Sasa penye ujanja ni kwenye neno "anlimitedi". Ingia cPanel, angalia pembeni upande wa takwimu, diski inaweza kusoma bila kikomo lakini shuka chini kidogo utakuta File Usage na hapo kikomo kipo. Wenyewe wanaita inodi, kila faili moja na kila folda moja inahesabika. WordPress (programu ya kutengenezea websaiti) ikiwa tupu tu inakuja na mafaili maelfu. Ukipandisha picha moja kubwa ya chumba yenyewe inatengeneza saizi tano sita za ile picha, kwa hiyo picha 200 za gesti zinaweza kugeuka mafaili zaidi ya 1,000 na wewe hujui. Na imeili! Kila ujumbe uliolala kwenye info@ yako ni faili moja, pamoja na spamu zote ambazo hakuna mtu amezifuta tangu websaiti ifunguliwe. Nimeona watu wanaambiwa wapande kifurushi cha juu wakati dawa ilikuwa kufuta imeili.

Kingine ni Entry Processes. Vifurushi vingi vya bei ya chini ni 20, na watu wanadhani maana yake wageni 20 tu, hapana, ni kazi 20 za PHP (programu inayotengeneza kurasa za WordPress) zinazoendelea kwa mpigo mmoja, ukurasa ukimalizika chap nafasi inarudi. Ndo maana seva yenye LiteSpeed (programu inayowapa wageni kurasa) na plagini yake ya kashe (nakala ya ukurasa iliyo tayari) inabeba watu wengi kwa kifurushi kile kile, kwa sababu ukurasa ulioko kwenye kashe hauamshi PHP kabisa. Uliza hilo kabla hujauliza GB.

Haya tupange. Namba moja nimeshaisema, ya kushea kwa kampuni ya hapa nchini. Faida yake unalipa shilingi kwa M-Pesa au Airtel Money, domeini (jina la websaiti) ya .co.tz unaipata hapo hapo, ukikwama unaongea Kiswahili na mtu. Ila usidhani kampuni ya Dar basi seva iko Dar, nyingi zinakodi Ulaya au Marekani, uliza wazi. Seva ikiwa Ulaya kila ombi kutoka Mwanza linaenda na kurudi kwa zaidi ya milisekunde 100, kwa websaiti ya kawaida sio kesi, na Cloudflare ya bure (huduma inayoweka nakala za websaiti yako karibu na wasomaji) inapunguza. Uliza pia bakapu (nakala ya akiba) inachukuliwa kila siku au kila wiki na inakaa wapi, maana bakapu iliyoko kwenye seva ile ile siku diski ikifa inakufa nayo. Shusha ya kwako uweke kwenye flashi.

Namba mbili, za kushea za nje, akina Namecheap na Hostinger. Ubora upo, bei ya kuanzia inavutia kweli, lakini soma maandishi madogo, ile bei ni ya kulipia miaka kadhaa mara moja, kurenyu (kulipia tena muda ukiisha) inaweza kuwa mara mbili au tatu. Na kadi yako ya mtandaoni ikiwa haina salio siku ya kurenyu, inakula kwako. Domeini ya .com ikipita muda wa neema inaingia siku 30 za kukombolewa, na hapo utatozwa ada juu ya bei ya kawaida.

Namba tatu itawashangaza, Cloudflare Pages au GitHub Pages, huduma za kuweka kurasa za kawaida zisizo na PHP, bure kabisa. Kama unachotaka ni bei za vyumba, ramani na namba ya WhatsApp, hauhitaji WordPress wala hostingi ya kulipia, ukurasa wa HTML unatosha na unafunguka haraka hata kwa bando la shida. Ingekuwa namba moja kama ingekuja na imeili na kama kila mtu angekuwa na wa kumbadilishia bei pale msimu ukibadilika.

VPS (sehemu ya seva iliyotengwa kwako peke yako) naiweka ya nne sio kwa ubaya. DigitalOcean wanaanzia dola 4 kwa mwezi, lakini ni RAM 512MB na seva tupu, kuipachi (kuiwekea masasisho) na kuilinda ni juu yako. Kama hujui SSH ni nini, pita.

Ya mwisho kabisa, "hostingi ya bure" zenye matangazo, na pamoja nayo yule fundi anayekwambia lipa kwangu nitamaliza kila kitu. Wapo mafundi wazuri tu mjini hapa, shida ni domeini kusajiliwa kwa jina lake. Kabla hujamalizia hela angalia whois (kumbukumbu ya nani kasajili domeini) au mwambie akuonyeshe akaunti ya usajili, jina na imeili viwe vyako, na nywila ya cPanel uwe nayo mwenyewe. Akianza kuzunguka zunguka hapo, mlipe kazi ya kudizaini tu, hostingi nenda kanunue mwenyewe.