Fundi mwashi kwenye maonyesho ya vitofali, Mtwara

Mume wangu ni fundi mwashi. Nilipomwambia Jumamosi tunawapeleka watoto Mtwara kuangalia matofali, alinitazama kama mtu anayeitwa saiti siku ya Idi. Nikamweleza ni yale ya plastiki, ya kuchezea, yanayoitwa Lego. Akauliza kiingilio. Mkubwa elfu tano, mtoto elfu mbili. "Elfu tano kuangalia tofali?" Lakini shati alivaa.

Tulitoka Lindi na basi la saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mnazi Mmoja tukanunua mayai ya kuchemsha na korosho, saa tatu tuko Mtwara. Bajaji ikatushusha mlangoni.

Ukumbi wenyewe mdogo. Feni mbili, moja pambo. Vitu vilivyojengwa vimepangwa mezani na kuzungushiwa kamba: meli ikipakia korosho bandarini, Boma la Mikindani na mnara wake, mitumbwi, na katikati kabisa mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dinosaria wa kale, shingo ikinifikia kifuani. Amejengwa vizuri mno, hata mbavu zinahesabika. Kilichoniudhi ni kibao chake: hakuna neno Lindi popote! Tendaguru iko kwetu jamani. Ikabidi niwe mwalimu pale pale, nikawaambia wanangu kwamba Wajerumani walichimba ile mifupa kuanzia 1909 hadi 1913, kwamba msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wa huku huku, Boheti bin Amrani, na kwamba wapagazi waliibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Leo mjusi amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Mwanangu wa pili akafikiri kidogo. "Mama, hata mkia hawakutuachia?"

Sikuwa na jibu, nikamnunulia soda.

Kama ni kuangalia tu, nusu saa inatosha, na watoto wataanza kununa maana kila wakinyoosha mkono wanaambiwa wasiguse. Pesa yenu inarudi kwenye meza ya kujengea iliyo nyuma. Hapo vitofali vimemwagwa kama mchele, kila mtoto anajenga atakacho. Wanangu wakaanza ukuta, tofali juu ya tofali, maungio yote yamenyooka mstari mmoja toka chini hadi juu. Baba yao, aliyekuwa amesimama na mikono nyuma kama mkaguzi, akashindwa kuvumilia. Akachuchumaa. "Ukuta huo utapasuka kabla hamjapaua. Pishanisheni. Tofali la juu likalie mawili ya chini." Akausukuma wao kwa kidole, ukagawanyika vipande. Akajenga wake, akausukuma, ukatulia. Dakika kumi baadaye watoto wa watu nao wamemzunguka: "Fundi, na wangu nitazamie!" Muda wa kila familia ni nusu saa. Sisi tulikaa saa nzima na ushee, binti mhudumu akiona haya kumwondoa mtu mzima aliyepiga magoti sakafuni.

Binti huyo anaijua kazi yake, nampa sifa. Ndiye aliyetueleza kwamba Lego ilianzishwa 1932 na seremala wa Billund, Denmark, Ole Kirk Christiansen (mume wangu akatikisa kichwa, seremala ni mwenzake), na kwamba kitofali cha 1958 bado kinashikana na cha leo. Akasema vitofali sita tu vya vinundu vinane, vya rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Mume wangu akamjibu, "Hapo bado hujampata mwenye nyumba anayebadilisha ramani."

Mwenye mtoto mchanga ajiandae. Vile vitofali vikubwa vya wadogo vilikuwa ndoo moja tu, tena chini ya meza, na kitinda mimba wangu nilimtoa gurudumu mdomoni. Chooni maji ni ya kuchota. Kuanzia saa tano watu wanajaa, joto la Mtwara mnalijua, kwa hiyo wahini mlango ukifunguliwa.

Na vile vipakiti vya elfu kumi na mbili vinavyouzwa nje msinunue. Mimi nilinunua. Ni vya kuiga, vingine vinapwaya, vingine kuvitenganisha mpaka meno. Wanangu walivitupa kando jioni ile ile.

Jumapili asubuhi nikamkuta baba yao barazani, chai imepoa, amevitandaza kwenye mkeka na kipande cha msasa mkononi, anavichonga kimoja kimoja viingiane.