Uzoefu wangu na filamu za zamani za kriketi mtandaoni

Nianze na hukumu, asiyependa maneno mengi aishie hapa: filamu za kriketi ya zamani zilizoko YouTube zinafaa sana kumpima mrushaji, zinafaa kiasi kwa mpigaji, na zinapotosha kabisa ukitazama vipande vya dakika mbili mbili. Mimi napakua usiku nikiwa nyumbani Kirumba, maana bando la usiku ni nafuu. Jumapili nampelekea mzee mmoja Mhindi, mzaliwa wa Mwanza, mwenye duka la vitambaa pale Makoroboi. Yeye anaujua mchezo, mimi nina simu yenye kioo kikubwa.

Vya kutazama haviishi. British Pathé, kampuni ya zamani ya sinema za habari, peke yao waliweka mtandaoni filamu kama 85,000 za habari mwaka 2014, na kriketi imo. Ukichanganya na marudio ya televisheni, unaweza kukaa mwaka mzima.

Kila mtu huanza na Don Bradman wa Australia, nami sikuwa tofauti. Mechi 52 za Test (mechi ndefu za mataifa, za siku kadhaa), wastani wa mikimbio, yaani pointi, 99.94 kwa kila anapotolewa, wakati vigogo wengine wa historia wanahangaika kufika 60. Unatarajia kuona jini. Unamwona bwana mfupi mwenye kofia ya kitambaa, anasukuma mpira chini chini unapita katikati ya walinzi, picha inakatwa, anasukuma mwingine, watu wanapiga makofi, imekwisha. Wapiga picha wa sinema za habari hawakuwa na filamu ya kurekodi siku nzima. Walivizia wiketi (mpigaji kutolewa) na mipira iliyofika mpakani, na siku kadhaa za mchezo zikabaki dakika mbili. Kilichotupwa ni yale masaa ambayo Bradman hakukosea, na ukubwa wake ulikuwa humo humo.

Tena kipande chake kinachosambaa sana ni cha tarehe 14 Agosti 1948, uwanja wa The Oval, London. Anaingia, wachezaji wa Uingereza wanamshangilia kwa heshima, mrushaji wao Eric Hollies anarusha, na mpira wa pili unampita na kuangusha vijiti. Sifuri. Angepata mikimbio minne tu angestaafu na wastani wa 100. Mtu mgeni anaweza kumfahamu Bradman kwa mara ya kwanza akiwa anashindwa! Mzee aliniambia, "Kijana, huyu msome kwenye daftari la mikimbio. Simu funga."

Warushaji ni habari nyingine. Tafuta Michael Holding wa West Indies (timu ya pamoja ya nchi za Karibiani), The Oval hiyo hiyo, mwaka 1976. Uingereza ilikuwa na ukame, nyasi zimekauka uwanja mzima kama Shinyanga mwezi wa tisa, na pichi yenyewe, ule ukanda mpira unapodundia, imelala, haimpi mrushaji wa kasi msaada wowote. Holding anaanzia mbali. Kichwa hakitikisiki, hatua hazina kishindo, mkono unapita juu, kijiti kinaruka. Aliondoa wapigaji 14 kwa mikimbio 149. Hapa filamu haina pa kukudanganyia, kwa sababu kazi yote ya mrushaji inaonekana tangu anapoanza kukimbia hadi anapoachia mpira. Tulirudisha nyuma ile ova (mipira sita ya mrushaji mmoja) iliyomtoa Tony Greig, nahodha wa Uingereza, hadi simu ikapata moto.

Ila uangalie kamera iko wapi. Zamani televisheni iliweka kamera kuu upande mmoja wa uwanja. Kwa kuwa kila ova hurushwa kutoka upande wa pili, ova moja unakaa nyuma ya mrushaji, ova inayofuata unakaa nyuma ya mlinda wiketi (mdakaji anayekaa nyuma ya vijiti), na makalio yake ndiyo yanakuziba. Mashindano ya Kerry Packer, tajiri wa televisheni, yaliyoanza Australia mwaka 1977, yalisaidia sana kuleta kamera za pande zote mbili. Kwa hiyo mzungushaji (mrushaji wa mpira wa kuzunguka) wa miaka ya 1950 mhukumu kwa ova unazomwona kutoka nyuma yake. Na zile filamu za kimya za zamani zaidi, ambazo watu hutembea mbiombio, usimpimie mtu yeyote kasi.

Mchezaji aliyenishinda kabisa ni Garfield Sobers wa Barbados. Agosti 31, 1968, pale Swansea, alimpiga mrushaji Malcolm Nash sita (mpira unaovuka mpaka bila kudunda) mara sita katika ova moja, na bahati nzuri kamera za BBC Wales zilikuwepo. Tazama mpira wa tano: mlinzi anaudaka, anaangukia nje ya mpaka nao mkononi, watu wanabishana, mwishowe inahesabiwa sita. Lakini mimi napenda zaidi vipande anavyorusha. Mtu mmoja, mkono wa kushoto, anarusha mpira wa kasi, kisha wa kuzungusha kwa vidole, kisha wa kuzungusha kwa kifundo cha mkono, na bado ana mikimbio 8,032 ya Test. Kwangu anamzidi Bradman. Mzee hataki kusikia.

Malalamiko yapo. Kuna wapakiaji wanaobandika muziki juu ya sauti ya mtangazaji, wengine wanaandika mwaka usio sahihi, na siku hizi wapo wanaopaka rangi picha za weusi na weupe hadi nyasi zinang'aa kama plastiki. Na kuna mapengo ambayo si kosa la mpakiaji: Kapil Dev alipiga 175 dhidi ya Zimbabwe kwenye Kombe la Dunia la 1983, India ikiwa imeshapoteza wapigaji watano kwa mikimbio 17, na hakuna filamu ya mechi hiyo.

Kama hujawahi kutazama kriketi, usianze na Waingereza. Anza na Kenya dhidi ya West Indies, Pune, Februari 29, 1996. Kenya ilipata mikimbio 166 tu, ukiona hesabu hiyo unajua wamekwisha. Kisha Rajab Ali wa Kenya anamrushia Brian Lara, nyota wa West Indies, mpira unagusa gongo la mpigaji, na mlinda wiketi Tariq Iqbal, ambaye mikono yake ilikuwa imewatia watu wasiwasi siku nzima, anaung'ang'ania hadi unatulia. Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu kwa mikimbio 15. West Indies wote nje kwa 93.

Weka ubora wa picha kwenye 360 tu. Filamu yenyewe ni ya zamani, ukipandisha juu unachoma bando bure. Na tafuta video ndefu, saa moja na kuendelea, hata kama nusu yake hakuna kinachotokea.