Tchegera au Idjwi: ukitoka Goma, uende kisiwa gani?
Tchegera ni ukingo wa kreta (mdomo wa volkano) ya zamani uliochomoza ndani ya Ziwa Kivu, umejikunja kama mwezi mchanga. Ufukwe wake ni mweusi kwa lava; okota jiwe uone vitundu vilivyoachwa na gesi lava ilipokuwa ikipoa. Usiku usio na mawingu, lava ikiwa imejaa juu ya volkano ya Nyiragongo (mita 3,470), anga lote la kaskazini huwa jekundu. Kisiwa kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, kwa hiyo ulizia kwanza kama watalii wanaruhusiwa.

Ila kwa mpenda bustani, Idjwi ndiyo yenyewe: kahawa arabika chini ya kivuli cha migomba, mananasi miteremkoni. Nenda kuanzia Machi, kahawa ikiiva. Kisiwa kina urefu wa kilomita 40 hivi; siku moja haitoshi, lala huko.

Kokote uendako, panda boti asubuhi, maana mchana upepo huinua mawimbi. Na ukiwa ufukweni magharibi mwa Goma, usipumzike mashimoni: mazuku ni gesi ya kabonidioksidi inayoweza kuua, nzito kuliko hewa, hutuama humo hasa usiku na alfajiri, upepo ukitulia.