Altezza imechoka miguu: shokapu gani ununue, na kimpira ambacho hamkiulizii

Jamani, meseji zenu ni zile zile, "dada nimefunga shokapu mpya hata mvua hazijaanza zinavuja mafuta". Wengi mna Toyota Altezza, na hizo uzalishaji wake uliisha 2005, kwa hiyo kila mpira uliokuja na gari saa hizi ni biskuti.

Kabla ya brandi, ulinunua na kava za vumbi? Kile kimpira chenye mikunjo kinachofunika fimbo ya shokapu, na bampa yake ndani, si ile ya mbele ya gari, ni kipande cha mpira cha kuzuia shokapu isigonge mwisho. Maboksi mengi yanakuja na shokapu tupu, kava, bampa na maunti ya juu (kile kishikio kinachofunga shokapu kwenye bodi) vinauzwa kivyake, fundi anarudishia vya zamani vilivyochanika au anatupa kabisa na wewe uko pembeni unachati. Sasa kiangazi cha Dodoma unakijua, ukiacha lami tu ni vumbi, linaganda kwenye fimbo, fimbo ikipanda na kushuka linakwaruza kromu linakula sili, sili ikiisha mafuta nje. Bampa nayo ikisagika, tuta moja la Kibaigwa usilolionea mbali shokapu inagonga mwisho, chuma kwa chuma. Halafu mnatukana brandi.

Namba moja kwangu KYB, Kayaba hiyo hiyo, na ndiyo, napendelea, sifichi. Excel-G kama unataka gari irudi ilivyokuwa kiwandani, New SR Special ni ngumu kidogo, mtu wa kona za barabara ya Iringa ataipenda. Nunua jozi, mambo ya kubadili moja iliyovuja tu tuachane nayo.

Namba mbili koilova, yaani shokapu na springi yake vya kurekebisha, Tein au BC Racing. Unashusha, unapandisha, unakaza utakavyo, raha kweli, ila nyuzi zake zikijaa vumbi bila kusafishwa ile ringi ya kurekebishia inaganda, na ukishusha sana matuta yatakufunza adabu.

Tatu, mtumba wa Japani. Isimamishe wima, bonyeza fimbo mpaka chini uachie, ya gesi inapanda yenyewe taratibu bila kukwama. Ikibaki chini mrudishie mwenyewe.

Za bei chee zisizo na jina, pita.

Ukishafungua miguu badilisha na bushi za mikono, ile mipira kwenye vyuma vinavyoshika tairi, angalia na boli jointi za chini, na umsimamie fundi asikaze bolti za bushi gari ikiwa inaning'inia kwenye jeki. Akimaliza ikashuka, mpira unakaa umejisokota muda wote na unachanika mapema, bushi mpya kabisa. Zikazwe uzito wa gari ukiwa kwenye matairi.

Sasa wauzaji. Ukipiga simu Kariakoo ukasema upo Dodoma bei inapanda, eti usafiri, wakati nauli ya basi unalipa mwenyewe na mzigo unaufuata mwenyewe stendi ya Nanenane! Ukiulizia kava, "hizo hazina haja dada", kumbe hana. Na boksi la KYB lenye kitu kingine ndani lipo sana, kwa hiyo kabla hujatuma hela mwambie apige picha namba iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye mwili wa shokapu, uzilinganishe, akianza kuzunguka zunguka kata simu upigie duka lingine.