Kikokotoo cha poka kwenye simu: nyota tatu na nusu

Kabla sijatoa nyota, niseme tunachezea nini, maana wapo watakaosoma "poka" na kuanza kuniombea. Jumamosi jioni kwa shemeji yangu, hapa Tanga, tunacheza Texas Hold'em kwa maharage: ni aina ya poka ambayo kila mtu ana karata mbili mkononi, na tano hufunguliwa mezani kwa wote. Anayeishiwa anaosha vyombo. Lakini ubishi wetu ni wa kweli, hasa ule wa "ungetupa karata mapema" na "mimi nisingetupa ng'o". Ndiyo maana nikapakua kikokotoo hiki cha bure.

Matumizi yake ni rahisi. Unagusa karata zako mbili, za mpinzani ukizijua, na zilizolala mezani, kisha kinakupa asilimia yako ya kushinda. Kopa, uru, pau na shupaza kila moja ina rangi yake, jambo linalosaidia sana taa inapokuwa hafifu.

Kwa kukata ubishi hakina mpinzani. Shemeji alikuwa anaamini ree mbili mkononi ni ushindi wa kuandikiwa. Nikamwekea: dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, asilimia 85. Dhidi ya watano, 49. Dhidi ya tisa, 31 tu! Akaniambia, "Shemeji, hebu lete hiyo simu," akarudia hesabu mwenyewe, kisha akakaa kimya. Wifi yangu naye anapenda kung'ang'ania jozi ndogo. Mbili-mbili dhidi ya ree na mfalme ilitoka juu kidogo tu ya nusu, na wote wawili wakadai wameshinda ubishi.

Sasa kasoro, na ya kwanza ndiyo kubwa. Ukiacha nafasi ya mpinzani wazi, kikokotoo kinachukulia kwamba ana karata zozote zile. Una ree na jeki za alama tofauti: kinakupa kama asilimia 64. Vizuri, ila huyo mtu ameongeza dau mara mbili, na ni babu mmoja jirani ambaye haongezi dau bila sababu. Tuseme ana malkia wawili, wafalme wawili, ree mbili, au ree na mfalme. Hapo nafasi yako inaporomoka hadi karibu robo. Karata zako ni zilezile, kilichobadilika ni unavyomfahamu babu. Programu nzuri zinakuruhusu kuingiza kundi zima la karata unazomshuku nazo mtu. Hii haina, inabidi ujaribu jozi mojamoja hadi kidole kichoke.

Ya pili ni jedwali lililo chini, la nafasi ya kukamilisha mkono. Tuseme unatafuta kopa tano: una mbili mkononi, mezani zimefunguliwa karata tatu na mbili kati yake ni kopa. Zimebaki kopa 9 katika karata 47 usizoziona. Jedwali linasema asilimia 35, na ni sahihi, ila hiyo ni kwa kuona karata zote mbili zilizobaki. Kwa ile moja inayofuata ni 19. Mezani kuna maharage 60, mwenzako anaweka 30: unatoa 30 kugombea 120 pamoja na zako, yaani unahitaji nafasi ya robo. Ukitazama 35 utaingia mbio. Ukijua kwamba kopa isipotoka atakutoza tena, 19 haitoshi, labda uwe na hakika kwamba ikitoka atakulipa zaidi. Kikokotoo hakisemi neno juu ya hilo.

Halafu namba zinayumba. Bonyeza mara mbili, upate 35.1 kisha 34.8. Kinachanga karata kwa kubahatisha maelfu ya mara na kuhesabu ushindi, njia iitwayo Monte Carlo, iliyomjia mwanahisabati Stanisław Ulam mwaka 1946 alipokuwa anapona ugonjwa huku akicheza karata za peke yake. (Hadithi hii naipenda kuliko programu yenyewe.) Lakini watu wawili wakishaonyesha karata zao, michanganyiko inayowezekana ya karata tano za mezani ni 1,712,304, na simu ya leo inaweza kuihesabu yote. Sioni sababu ya kubahatisha.

Matangazo ni kero. Kila baada ya hesabu kadhaa linatokea la kukuhimiza ubeti mpira, na kitufe cha kulifunga kinahitaji macho ya tai.

Kama unataka cha kukusaidia mchezo ukiendelea, usihangaike nacho. Kwetu wifi amepiga marufuku simu mezani, na kasino nyingi hazikuruhusu kukokotoa hivyo ukiwa na karata mkononi. Pale utatumia hesabu ya mkato: karata zinazokufaa mara nne zikibaki mbili za kufunguliwa, mara mbili ikibaki moja. Kwa zile kopa 9 unapata 36 na 18, kichwani, bila tangazo. Kikokotoo nakifungua baadaye, wakati aliyefilisika anaosha masufuria na wengine tunabishana alipopotelea.