Tawi la chama mtaani kwetu Tabora: kwenye msiba nyota tano, kwenye mtaro nyota moja

Watu wanaandika rivyuu za hoteli na simu, mi leo nawaletea ya tawi la chama changu hapa Tabora mjini, maana na yenyewe ni huduma na tunailipia. Chama sikitaji na msihangaike kuotea, badilisha rangi ya bendera stori inabaki ileile.

Ofisi ni chumba kimoja chini ya mwembe, benchi moja, bendera imepauka mpaka ukiwa mbali hujui ni ya nani. Muda wa kazi haujaandikwa popote, ukimkosa katibu muulize fundi cherehani wa jirani, yeye ndo anashika funguo.

Tuanze na mazuri. Mama mkubwa alipofariki, ndugu wa Urambo hawajafika bado, tawi walishaleta turubai, viti na masufuria mawili makubwa, kina mama wakakesha jikoni siku tatu na hakuna aliyeuliza marehemu alikuwa na kadi au hana (hakuwa nayo, alikuwa anavicheka vyama vyote). Hapo nyota tano, sina ubishi.

Sasa njoo kwenye mtaro. Umejaa mchanga na machupa, mvua ikipiga maji yanaingia mpaka sebuleni, nkaenda tawini. Katibu kanisikiliza vizuri tu, kaandika kwenye daftari, kasema hilo ni la serikali nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Haya, mwenyekiti wa mtaa ni nani? Ni yuleyule anayekaa kwenye benchi la tawi, mjumbe mwenzetu wa kamati, tena kura ya maoni nlimpigia mimi mwenyewe. Akanambia kama mwenyekiti hana bajeti, ila kama mwanachama mwenzangu ananishauri nisiliongelee sana, "tutawapa upande wa pili cha kusema." Nkabaki nimesimama pale viatu mkononi.

Yaani kwangu mimi chama ni konda. Abiria anapiga kelele "shusha", konda anagonga bodi, suka anasimama. Sasa konda akishakaa kwenye usukani nani atagonga?

Mtasema si uhame. Upande wa pili walifungua tawi karibu na uchaguzi, saivi kile chumba wanachaji simu. Nigombee mwenyewe basi? Haiwezekani, uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 bila chama kukudhamini jina lako haliingii kwenye karatasi, na ubunge na urais ni hivohivo. Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani, alilipeleka suala la mgombea binafsi mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, akashinda 2013, na mlango bado umefungwa. Duka lisilo na njia ya pembeni mnajua linavowahudumia wateja.

Bei: kadi na ada si hela ya kutisha. Ila kuna ruzuku inayotoka Hazina kwenda kwenye vyama, kwa hio hata wewe usiye na kadi unachangia, usijione mjanja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hapa ni Tabora bana. Januari 1958 TANU, chama kilichokuwa kinadai uhuru, walikutana mji huuhuu kubishana kuhusu kura tatu, kwamba kila mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na ili upige kura yenyewe uwe na darasa la 8 au kipato cha pauni 150 kwa mwaka au cheo kinachotambulika. Wengi walikuja wanataka kususia, Nyerere akawageuza, ndo ukaitwa Uamuzi wa Busara, Zuberi Mtemvu akagoma akatoka kwenda kuanzisha chama chake. Watu walichanana ndani ya mkutano mpaka wengine wakahama! Na serikali ilikuwa ya mkoloni, hakuna aliyechanganya yupi chama yupi serikali. Ilianza kuchanganyika baadae, 1965 chama kikabaki kimoja kisheria, vingi vimerudi 1992 lakini ile tabia naona haikupata taarifa.

Sisi mkutano wetu wa mwisho wa tawi ajenda kubwa ilikuwa tisheti. Mtaro waliuweka kwenye mengineyo, tukafunga kwa dua kabla hatujafika huko.

Jumla nawapa mbili na nusu, ile nusu ni ya katibu. Jumamosi iliyopita tumeuzibua mtaro wenyewe watu wa mtaani, wenye kadi na wasio nazo, katibu akaja na sururu yake kachimba kuliko wote, kavaa kaptula tu hana hata kofia ya chama. Nkamuuliza leo umekuja kama nani? Akacheka, akasema we zoa mchanga.