Tathmini ya vidonge vya risperidoni kwa mwanamke mwenye skizofrenia
Risperidoni ilifanya kazi ambayo niliandikiwa kwa ajili yake. Sauti zilizokuwa zikinitukana usiku na mchana zilififia, kisha zikanyamaza, nami nikaweza tena kusoma ukurasa mzima bila kuhisi kwamba maneno yake yananilenga mimi. Kwa hilo naisifu bila kusita.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo mwanamke hana budi kuyajua kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Baada ya muda hedhi yangu ilikoma, na asubuhi moja niliona madoa mawili ya maji kwenye blauzi: maziwa yalikuwa yakinitoka ilhali sikuwa mjamzito wala sikuwa nanyonyesha. Nikawa nakunja kitambaa na kukiweka ndani ya sidiria, na sikumwambia mtu. Aliyewahi kuambiwa kwamba anayoyasikia hayapo huogopa mno kueleza jambo la ajabu linalotokea mwilini mwake, na naamini wanawake wengi hunyamaza kwa hofu hiyohiyo.

Chanzo chake kinajulikana. Dawa hii hutuliza ugonjwa kwa kuzuia vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali hiyo inayopeleka ujumbe ubongoni, lakini dopamini hiyohiyo ndiyo inayoidhibiti tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, isimwage kupita kiasi prolaktini, homoni ya maziwa. Prolaktini ikipanda, homoni zinazoamsha ovari hupungua, mayai hayapevuki ipasavyo na estrojeni, homoni ya kike, hushuka; hapo ndipo hedhi hupotea, uke huwa mkavu na hamu ya tendo la ndoa huisha. Hali ikidumu kwa miaka, mifupa hudhoofika, na jambo hili linanitia wasiwasi kuliko maziwa, kwa sababu huenda mtu asilitambue mpaka mfupa uvunjike.

Si dawa zote za kundi hili, yaani za kutibu skizofrenia na maradhi yanayofanana nayo, zilizo sawa. Risperidoni, paliperidoni na amisulpiridi ndizo zinazopandisha prolaktini zaidi, na haloperidoli ya zamani nayo huipandisha. Kwetiapini na klozapini huigusa kidogo tu, ilhali aripiprazoli huweza hata kuishusha, kwa kuwa haizimi vipokezi hivyo kabisa bali huviamsha kwa kiasi. Nazo zina taabu zake: klozapini hudai vipimo vya damu vya mara kwa mara, na aripiprazoli huwafanya baadhi ya watu washindwe kutulia mahali pamoja.

Ninachokikosoa zaidi ni maelezo yanayoandamana na dawa. Karatasi iliyomo kwenye boksi hutaja kuongezeka kwa prolaktini katikati ya orodha ndefu, kwa lugha ambayo mgonjwa wa kawaida hawezi kuihusisha na blauzi iliyolowa. Daktari naye aliniuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula na sauti, lakini hedhi hakuigusia, ingawa swali hilo halichukui hata dakika moja.

Nilipojieleza hatimaye, alitaka kwanza nipimwe ujauzito, kisha prolaktini, kipimo cha damu ambacho ni bora kifanywe kabla ya kuanza dawa ili kiwepo cha kulinganishia, maana tezi ya thairoidi iliyozembea au uvimbe wa pituitari huweza kuleta dalili hizohizo. Baadaye alinihamishia aripiprazoli taratibu, huku akifuatilia kama sauti zinarudi. Maziwa yalikauka na hedhi ikarejea. Ikumbukwe kwamba uwezo wa kushika mimba huweza kurudi kabla hata ya hedhi yenyewe kuonekana, hivyo suala la uzazi wa mpango lizungumzwe siku ileile dawa inapobadilishwa.

Bado naipendekeza risperidoni kwa anayeihitaji, mradi apimwe prolaktini mwanzoni na aulizwe kuhusu hedhi na matiti kila anapohudhuria kliniki. Anayepatwa na dalili hizi asiiache dawa ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu. Amweleze daktari, kwani dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa.